Sulhu ya Mirathi

Katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu ameyapanga mafungu ya mirathi kwa hesabu isiyo na shaka, nusu na robo, thumni na sudusi. Na katika sura hiyo hiyo, akitaja mafarakano ya mume na mke, amesema kuwa sulhu ni kheri. Hapo huzuka suala linalozikabili nyumba nyingi zilizofiwa: ikiwa mafungu yamekwisha kukadiriwa na Mola, je, warithi wanayo ruhusa ya kupatana wenyewe kwa wenyewe, au mapatano yao ni kuigeuza sheria?

Jawabu limo katika hadithi aliyoipokea Bibi Umm Salama, ikaandikwa na Abu Daud. Watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) wakigombea mirathi, wala hapana aliyekuwa na ushahidi ila madai yake, naye akawaambia kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, basi atakayehukumiwa kitu katika haki ya nduguye asikitwae, kwani amekatiwa kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akimwachia mwenziwe haki yake; lakini Mtume aliwaamuru wakagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha wahalalishiane.

Haki ndiyo iliyotangulia, na kuhalalishiana kukafuata. Wengi kwetu huupindua utaratibu huo: hitima haijapoa, binti huitwa mbele ya wazee akaambiwa, "Mwanangu, mwachie kakako, nyumba hii ni ya baba yenu," naye kwa haya huitikia, ilhali hajaambiwa fungu lake ni kiasi gani. Sulhu ya namna hiyo ni dhuluma, hata ikiwa imesomewa Fatiha.

Tuseme marehemu ameacha mjane, mwana mmoja na binti mmoja, na baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi, limebaki shamba la minazi 240. Mjane ana thumni, yaani minazi 30. Katika 210 iliyosalia, mwana hupata 140 na binti 70. Hayo yakiisha kusomwa mbele ya wote na kuandikwa, binti akipenda kutoka katika shamba kwa fedha waliyoafikiana, wanazuoni wamelikubali jambo hilo na kuliita takharuji. Wala hakuigeuza sheria, kwa kuwa ametumia mali aliyopewa na sheria hiyo hiyo. Ama yatima mdogo, fungu lake halisameheki, wala mlezi hana mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yake.

Kadhi yupo, na kumwendea si aibu palipo na mkaidi. Ila hukumu yake hugawa mali, na radhi za ndugu hubaki mikononi mwa ndugu wenyewe. Basi enyi wazee mnaoitwa kusuluhisha, tangulizeni hesabu kabla ya nasaha: mwiteni mjuzi wa faraidhi, litajeni kila fungu kwa jina la mwenyewe, wanawake wakiwapo na kusikia, wala msimwombe mtu asamehe mpaka ajue anachokisamehe.