Usiloweshe Majani Kabla ya Mizani



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Pasta, ni dhambi kubishana kuhusu mabadiliko ya tabianchi?" Nilitaka kucheka, lakini kicheko kikakwama. Swali lake lilinigusa penye kidonda. Neno la wiki hii ni jibu langu kwake, na pia ni toba yangu.

Wacha nianze na kitu tunachokijua sote. Anayechuna chai, awe Kebirigo ama Ogembo, anajua siku ya kupima majani ilivyo. Unafika kituoni, unapanga foleni, gunia linatundikwa kwenye mizani, karani anaandika kilo. Na tunajua pia ile hila ya zamani: mtu anapita mtoni kwanza, ananyunyizia majani maji ili gunia liwe zito. Mizani inasema kilo ishirini, kumbe majani ni kumi na saba na maji ni matatu. Anaenda nyumbani akidhani amepata. Lakini majani yaliyolowa yanasumbua kiwandani, chai inaharibika, na hasara inarudi kwa wote, pamoja na yule jirani aliyeleta majani makavu.

Mithali 11:1 inatuonyesha kwamba Mungu hachukulii mizani ya uongo kama jambo dogo la sokoni. Inamchukiza. Swali langu leo ni hili: je, maneno nayo hayana mizani?

Mwaka jana tulikuwa na mjadala mkali kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Ulianza na mvua kuchelewa, ukafika kwa hewa ya kaboni. Mzee mmoja wa kanisa letu, omogaka wa kuheshimika kutoka upande wa Nyamira, aliandika kwamba hii habari ya kaboni ni biashara ya watu wa nje. Alisema hewa hiyo ni kidogo mno hewani, tena ni chakula cha mimea, na kwamba Mungu aliahidi katika Mwanzo 8:22 kuwa majira hayatakoma.

Mimi, pasta wake msaidizi mwenye digrii ya biashara, nikaamua kummaliza. Nikaandika kwamba babu zetu hawakuijua malaria huku milimani, kwamba kaboni ndiyo iliyopandisha joto na kuleta mbu, na kwamba wanasayansi wote wamekubaliana. Mzee akajibu kwa upole. Akasema baba yake alikuwa kibarua wa chai Kericho wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alisimulia jinsi homa ilivyowaangusha watu. Nikamjibu, "Tata, hizo ni hadithi. Soma sayansi." Vijana wakaweka vile vichwa vya kucheka. Dakika chache baadaye tukaona kwamba mzee ametoka kwenye grupu.

Nilijiona mshindi siku mbili. Siku ya tatu dhamiri ilinisumbua, nikakaa chini kusoma ile sayansi niliyomwambia mwenzangu aisome. Wapendwa, nilichokuta kilinivua kiatu.

Kumbe suala la malaria ya milimani limebishaniwa na wanasayansi wenyewe kwa miaka mingi, na walichokuwa wakibishania ni hapa kwa jirani, mashamba ya chai ya Kericho. Katika miaka ya 1990 malaria ilirudi kwa nguvu milimani magharibi mwa Kenya, Kisii ikiwemo. Wengine wakasema ni joto. Mwaka wa 2002 Simon Hay na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la Nature. Walisema kwamba takwimu walizotumia, za Kericho na sehemu nyingine tatu za milima ya Afrika Mashariki, hazionyeshi joto limepanda, basi malaria ina sababu nyingine. Mwaka wa 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakaongeza miaka ya karibu kwenye hesabu, wakasema hapana, joto limepanda.

Ilipofika 2011, mtafiti Judith Omumbo na wenzake walifanya jambo ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angelisifu: walirudi kwenye daftari la kwanza. Walichukua vipimo vya kituo chenyewe cha hali ya hewa cha Kericho, kuanzia 1979 hadi 2009, wakavikagua. Wakakuta joto limekuwa likipanda kwa takriban digrii 0.2 kila miaka kumi.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine, na Simon Hay alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Ni yuleyule aliyesema mwaka wa 2002 kwamba joto halikuonekana kupanda. Safari hii utafiti ulikubali kwamba takwimu mpya na miaka iliyoongezwa zinaonyesha joto limepanda kweli. Lakini ulisema jambo la pili pia. Malaria ya Kericho ilipanda katika miaka ya 1990, halafu baada ya mwaka wa 2002 ikashuka tena, huku joto likiendelea kupanda. Kwa hiyo kuitwika tabianchi mzigo mkubwa wa malaria ile hakukuwa na msingi wa kutosha. Kulikuwa na sababu nyingine, kwa mfano dawa ya klorokwini ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea.

Na yule baba wa mzee? Alisema kweli. Malaria ililipuka kwenye mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1940. "Hadithi" niliyoicheka ilikuwa ushuhuda.

Sasa tupime. Joto kupanda: nilikuwa sahihi. Malaria kuletwa na kaboni: nililowesha majani. Wanasayansi wote kukubaliana juu ya hilo: nilitia jiwe ndani ya gunia.

Lakini ukweli usemwe, gunia la mzee nalo lilikuwa na maji yake. Sitaacha jambo hili nusu nusu kwa sababu naona aibu. Habari kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi hushika joto si porojo ya juzi. John Tyndall aliipima London mwaka wa 1859. Alipitisha joto kwenye mrija wenye hewa za aina mbalimbali, akaona kwamba oksijeni na naitrojeni zinaliachilia lipite, lakini kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji vinalishika. Mwaka wa 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa hiyo huko Mauna Loa, Hawaii. Katika kila chembe milioni moja za hewa alikuta kama 315 za kaboni. Leo zimepita 420. Kabla ya viwanda kuanza Ulaya zilikuwa karibu 280. Na inajulikana imetoka wapi, kwa sababu kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni ya kale sana, haina tena ile alama ya mionzi ambayo kaboni ya viumbe hai inayo. Hans Suess aliiona tofauti hiyo mwaka wa 1955.

Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Lakini mama anayepika mandazi hawezi kuambiwa kwamba kijiko kimoja cha hamira hakina maana kwa sababu unga ni kilo mbili. Paulo naye alitumia mfano wa chachu katika 1 Wakorintho 5:6 kuonyesha jinsi kidogo kinavyogusa donge zima. Ni chakula cha mimea? Ndiyo, kweli kabisa. Lakini chai inahitaji pia mvua kwa wakati wake na ubaridi wa milima yetu. Na Mwanzo 8:22? Naiamini ahadi hiyo kwa moyo wote. Lakini Mungu kuahidi kwamba majira yataendelea si sawa na kusema kwamba aliyelima hadi ukingoni mwa mto Gucha hatachukuliwa shamba na maji.

Kuna hoja moja ya mzee ambayo sikutaka kuisikia, nayo ni ya pesa. Alikuwa na wasiwasi kwamba watu watatumia habari ya kaboni kujitajirisha kwa ardhi ya wanyonge. Wasiwasi huo si ujinga. Kenya yenyewe iliona haja ya kurekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka wa 2023, na ndani yake ikawekwa kwamba miradi ya kaboni kwenye ardhi ya jamii ni lazima iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya gharama kutolewa. Hakuna anayeweka kufuli mahali ambapo hakuna mwizi wa kuogopwa.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa letu sote wawili. Pale kituoni kuna maswali mawili: gunia lina kilo ngapi, na kilo moja inalipwa pesa ngapi. Bonasi ikiwa ndogo, mkulima ana haki ya kulalamika, hata kuandamana. Lakini hasira ya bonasi haimruhusu kusema kilo kumi zilikuwa ishirini. Na karani akipima sawasawa, haimaanishi kwamba bei ni ya haki. Mzee alikuwa anajibu swali la bei kwa kukataa uzito. Mimi nilikuwa nimeshika uzito wa kweli, nikadhani unaniruhusu kuongeza maji na kumdharau aliyeuliza juu ya bei.

Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inamkataza mtu wa Mungu kubeba mawe mawili ya kupimia kwenye mfuko mmoja, zito na jepesi. Tunapobishana, wengi wetu tunayo yote mawili. Habari inayonipendeza naipima kwa jiwe jepesi: nikiona kichwa cha habari tu, nasambaza. Habari ya mpinzani wangu naipima kwa jiwe zito: alete ushahidi, alete mashahidi, na bado nitamcheka. Amri ya tisa, Kutoka 20:16, haikatazi uongo wa mahakamani peke yake. Nikimwambia jirani jambo sikulihakikisha, kana kwamba nimelihakikisha, nimetoa ushuhuda wa uongo hata kama kwa bahati njema jambo lenyewe lingekuwa kweli.

Mtu atasema, "Lakini Pasta, ukitia chumvi kidogo kwa jambo jema, watu si wataamka?" Hilo ndilo lililonidanganya mimi. Sikiliza yaliyofuata.

Nilienda kwa mzee Jumamosi, kwa sababu Mathayo 5:23-24 inanitaka nipatane na ndugu yangu kabla sijasogea madhabahuni, na kesho yake nilikuwa nihubiri. Nilimkuta kwenye majani, anachuna. Nikamwambia, "Tata, nimekuja kuomba msamaha. Nilikujibu vibaya mbele ya watoto, na jambo lenyewe nilikuwa sijalisoma." Hakusema kitu mpaka alipomaliza mstari wake. Kisha akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Pasta, mimi sina shida na kaboni. Shida yangu ilikuwa hii: kama unaweza kuniambia kwa uhakika habari ya mbu usiyoijua, nitajuaje siku ya Jumapili unaponiambia habari ya msalaba kwamba hiyo unaijua?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Nilijua tu kwamba maji niliyonyunyizia gunia dogo yalikuwa yameingia kwenye gunia kubwa.

Tulikaa chini ya mti wake. Nikamweleza yale ya Kericho, pamoja na sehemu iliyonishinda. Akauliza maswali mazuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye grupu. Hakukubali kila kitu, na sikumlazimisha. Juu ya joto alisema, "Hilo hata mimi nimeliona, lakini sikutaka kulisikia kutoka kwako." Tukaomba pamoja. Jumapili, kabla ya mahubiri, niliwaambia vijana nilichokosea, maana dhambi niliyoifanya mbele ya watu sikuweza kuitubu gizani.

Basi, ndugu yangu uliyeniuliza pale mlangoni: kubishana si dhambi. Wale wanasayansi walibishana karibu miaka kumi, na kwa sababu walipima tena, sisi leo tunajua zaidi. Mithali 18:17 inakubali kwamba msemaji wa kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze. Kwa hiyo anayekupinga kwa haki ni mkaguzi wako, na hesabu safi haimwogopi mkaguzi. Lakini 1 Timotheo 5:1 inakutaka umseme mzee kama unavyomsema baba yako, na Waefeso 4:15 inaunganisha kweli na upendo, si kuchagua kimoja.

Wiki hii jaribu haya. Kabla hujasambaza kitu, jiulize umekipima kwa jiwe lipi. Ukigundua umekosea, sema palepale uliposemea kosa. Na kama kuna mtu alitoka kwenye grupu kwa sababu yako, usimtumie ujumbe. Funga viatu uende kwake.

Tuombe: Bwana, kausha maneno yetu. Tupe ujasiri wa kusema uzito ulivyo, usizidi wala usipungue, na utupe moyo wa kumheshimu aliye upande wa pili wa mizani. Katika jina la Yesu. Amina.