JAWABU JUU YA KUCHUKUA BASTOLA KWA KUJIHAMI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga auzaye nguo Moshi na katika masoko ya mlimani, Marangu na Mwika, atuuliza: "Jioni hurudi na fedha, nami nawahofu wanyang'anyi. Nimeonyeshwa bastola ya kununua kwa siri. Je, yajuzu?"

Hofu yake si ya bure. Mwezi wa Agosti 2013, katika wilaya ya Hai, mfanya biashara wa tanzanaiti alipigwa risasi akafa. Wala Sharia haikumwamrisha Mwislamu kufa kama kondoo: Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa auawaye akilinda mali yake ni shahidi.

Lakini aishiaye hapo amesoma nusu ya mlango. Wanavyuoni wa madhhabu yetu ya Imam Shafi wameweka daraja. Mshambuliaji huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza: akizuilika kwa neno, au kwa yowe watu wakaja, haijuzu kumpiga, akizuilika kwa mkono, haijuzu fimbo, akizuilika kwa fimbo, haijuzu silaha. Akikimbia, basi, hapana ruhusa ya kumpiga tena. Na kutetea mali ni ruhusa, si faradhi. Ukiitoa ukasalimika, huna dhambi.

Sheria ya Tanzania nayo yampa mtu haki ya kujilinda kwa nguvu za kadiri ya haja tu, na ile ya silaha ya mwaka 2015 yakataza bastola pasi na leseni.

Sasa tazama bastola. Yaruka daraja zote kwa kidole kimoja, na risasi imkosayo mwizi yaweza kumpata mpita njia. Mtume s.a.w. alimwamuru apitaye sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Je, risasi utaishika wapi?

Basi jawabu ni hili: ya siri usinunue, hujui imekwisha mwaga damu ya nani. Ukiona huna budi na silaha, omba leseni, ujifunze kuitumia, uifungie mbali na watoto. Na kabla ya hayo fanya yaliyo mepesi: fedha ziweke kwa wakala wa simu kabla hujateremka mlimani, rudi na wenzio, jua lingaliko, tena juana na jirani zako, Wachaga na wageni, Waislamu na Wakristo, kwani yowe la mtu asiyejulikana halina mwitikiaji.

Mfuko ukienda, Mwenye kuruzuku yupo. Roho ikitoka, yako au ya mwenzio, hairudi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi mikono yetu na damu za watu. Amin. Wallahu aalam.