Thamani ya Sarafu ni Amana

Huko Malaba na Busia, wabadilishao fedha huvusha shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda. Kabla ya mwaka 1966 shilingi ilikuwa moja pande zote mbili. Nasi twajiuliza: thamani ya sarafu imo katika madini yake, au katika uaminifu wa aliyeipiga?

Wayunani wa Athens walipiga drakma kwa fedha safi ya machimbo ya Laurion, wakaitia sura ya bundi. Wafanyabiashara wa nchi za mbali wakaipokea bila ya shaka. Jina la drakma ndilo asili ya neno dirhamu, litajwalo katika Sura ya Yusuf, Nabii huyo alipouzwa kwa thamani duni. Lakini vita na Sparta vilipowakatia machimbo, yapata mwaka 406 kabla ya Nabii Isa, mji ule ule ulipiga sarafu za shaba, ukazivika fedha. Bundi akabaki vile vile.

Watasema: dhiki ilikuwa kubwa, na wenyeji walijua. Twakubali. Lakini mgeni, asiyejua ila bundi, angejilinda kwa nini? Shaba si aibu. Aibu ni kuivika fedha.

Basi nasi wa pwani, wenye maduka na mizani, tujihesabu. Kanzu na salamu zetu ndizo bundi wetu. Je, ndani mna fedha, au shaba?