Ken Analala Wapi?

Katika filamu ya Barbie kuna swali linaloulizwa kwa haraka na kujibiwa kwa neno moja, kisha safari inaendelea. Wageni kutoka ulimwengu wa kweli wameingia Barbieland, nchi ya wanasesere. Wanatazama nyumba za rangi ya waridi zisizo na kuta, kila nyumba na mwenyewe, na kila mwenyewe ni Barbie. Wanauliza: akina Ken je, wao wanakaa wapi? Barbie anasema hajui.

Ni kichekesho, na kinachekesha kweli. Kila siku Ken yuko ufukweni akimsubiri. Wanasalimiana, wanacheza dansi pamoja, usiku ukiingia Ken anaomba abaki kidogo, Barbie anamwambia hapana, leo ni usiku wa wasichana, kama jana na kama kesho. Ken anaondoka. Anakokwenda, Barbie hajawahi kujiuliza.

Tangu filamu hii itoke mwezi Julai 2023 yamesemwa mengi. Greta Gerwig aliiongoza na kuiandika pamoja na Noah Baumbach, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, na hakuna filamu nyingine iliyoipita mwaka huo. Kuwait waliipiga marufuku. Wapo waliosema inawadhalilisha wanaume, na wapo waliosema ni tangazo refu la kampuni ya Mattel inayotengeneza wanasesere hao. Hayo yote yana wa kuyajadili. Mimi nataka kubaki kwenye jibu lile la "sijui", kwa sababu naona ndilo kosa kubwa zaidi la kimaadili katika filamu nzima. Ni kubwa kuliko kosa la Ken anayeiteka nchi, kuliko la wakurugenzi wenye suti wanaomkimbiza Barbie wamrudishe kwenye boksi. Wale tunaona wanachofanya. Barbie hafanyi chochote. Ni mwema, anatabasamu, hamchukii mtu. Ila hajui mwenzake analala wapi.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana haikuwekwa pale kwa bahati. Ruth Handler alimzindua Barbie mjini New York mwezi Machi 1959, akampa jina la binti yake Barbara. Ken alifuata mwaka 1961, naye akapewa jina la mwana wa Ruth. Mwaka 1962 Barbie akapata nyumba yake ya kwanza. Ilikuwa ya karatasi ngumu ya kukunja, yenye kitanda cha mtu mmoja na isiyo na jiko. Wakati huo, mwanamke wa Kimarekani akienda benki kuomba mkopo wa nyumba angeweza kuambiwa alete sahihi ya mume. Sheria iliyokataza ubaguzi huo wa mikopo ilipitishwa mwaka 1974. Kwa hiyo mwanasesere alimiliki nyumba peke yake miaka 12 kabla sheria haijamlinda mwanamke mwenye damu aliyetaka kufanya hivyo hivyo. Ukisema Barbie ni upuuzi wa plastiki, ukumbuke hilo pia. Kuna msichana aliyekunjua karatasi ile sakafuni akaona kwa mara ya kwanza nyumba isiyo na baba wala mume mlangoni.

Filamu inaichukua ndoto hiyo na kuipeleka hadi mwisho wake. Barbieland, rais ni Barbie. Majaji wote wa Mahakama ya Juu ni akina Barbie, na madaktari, na washindi wa Tuzo ya Nobel. Akina Ken kazi yao ni ufukwe. Si kuokoa wanaozama, si kuvua samaki. Ni ufukwe tu. Msimuliaji anatuambia kwamba siku ya Barbie ni njema kila siku, bali siku ya Ken huwa njema pale tu Barbie anapomtazama.

Hapo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kusikia jambo ambalo Kiingereza cha filamu hakilisemi. Lugha yetu haina shida na "yeye". Anakuja, analala, amekuwa rais: huwezi kujua kama ni mwanamke au mwanamume. Lakini tukifika kwenye ndoa lugha inachagua upande. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi ni kimoja. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Na ukitaka kumtukana mwanamume anayeishi kwa mkewe, huna haja ya kutafuta tusi. Unasema ameolewa. Vijana wa mjini wana neno lao, marioo. Matusi haya yanatufichua. Yanaonyesha kwamba siku zote tumejua kuwa nafasi ya kutendwa ni duni, kwani kama ingekuwa ya heshima tusingeitumia kumdhalilisha mtu. Sasa kama ni aibu kwa mwanamume, imekuwaje iwe stara kwa mwanamke?

Ken ni mwanamume aliyeolewa kabla hata hajaposwa. Ndiyo maana anachekesha. Tunamcheka kwa kumwona mtu wa kauli ya kutenda amevishwa kauli ya kutendwa, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tukimaliza kucheka, tuulize viatu vile ni vya nani.

Lakini tusidanganyike kwamba tatizo ni kulala tu katika nyumba ya mwingine. Kwenye miji ya kale ya pwani yetu, Lamu ikiwa mfano, familia za waungwana zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, na bwana harusi ndiye aliyehamia humo. Huyo hakuwa marioo. Aliingia na ukoo wake, biashara yake, nafasi yake msikitini na barazani. Mkewe asipomtazama kutwa nzima, bado alikuwa mtu. Naye binti mwenye nyumba, mara nyingi alikaa ndani: nyumba ilikuwa yake, mlango wa kutokea haukuwa wake. Kwa hiyo kumiliki kuta hakumfanyi mtu kuwa huru, na kutozimiliki hakumfanyi kuwa Ken. Kinachomfanya mtu kuwa Ken ni kutokuwa na kitu chochote chake nje ya jicho la mwingine.

Ndiyo maana tukio linalonigusa zaidi si lile la nyimbo wala vita vya ufukweni. Ni pale Ken anapofika Los Angeles, mwanamke asiyemjua anamsimamisha barabarani na kumuuliza saa ngapi. Basi. Ken anashangaa kabisa, maana hajawahi kuulizwa kitu kana kwamba jibu lake lina maana. Anaona ameheshimiwa. Kutoka hapo anaugundua mfumo dume, anaoudhani kwa kiasi kikubwa unahusu farasi, na kuubeba nyumbani.

Akifika, hadai nyumba yake. Anaiteka ya Barbie, anatupa nguo zake nje, na wale waliokuwa marais na madaktari wanabaki kuwapelekea wanaume bia. Wengi wamelisoma hilo kama ushahidi kwamba wanaume ndivyo walivyo. Mimi naona limetokana na walichofundishwa pale pale Barbieland. Mtu aliyelelewa akiona kwamba duniani kuna nafasi mbili tu, ya anayetazamwa na ya anayeomba kutazamwa, siku akiasi atabadilisha watu. Nafasi zitabaki zile zile.

Mwaka jana nilikuwa kwa jamaa zangu Dar es Salaam, watoto wakaiweka filamu hii sebuleni usiku. Mpwa wangu, msichana wa miaka tisa, alinigeukia akauliza, "Mama mdogo, sasa Ken analala wapi?" Kabla sijajibu, dada wa kazi, aliyekuwa akikunja nguo karibu na mlango wa jikoni, alisema bila kuinua macho, "Atalala wenyewe wakishalala."

Watoto walicheka, naye akacheka. Filamu ikaendelea.

Aliulizwa wapi, akajibu lini. Godoro lake lilitandikwa pale pale sebuleni televisheni ilipozimwa, na asubuhi, kabla mtu hajaamka, lilikuwa limekunjwa na kuwekwa nyuma ya kochi. Wenyeji wake ni watu wema. Wanamlipa kwa wakati, akiugua wanampeleka hospitali, watoto wanamwita dada. Mama wa nyumba amesoma, ana cheo, anasikilizwa kazini. Ni mwanamke ambaye mama yetu angemtaja kwa fahari, na nafasi yake hakupewa na mtu. Ila kila siku nchi yake ya waridi inasimama kwa sababu kuna mwanamke mwingine ndani yake, na siku ya huyo ni njema au mbaya kutegemea alivyotazamwa asubuhi.

Barbieland hakuna anayepika. Barbie anakunywa kutoka kikombe kitupu na kushuka kutoka ghorofani akielea. Hiyo ndiyo sehemu ya ndoto isiyoweza kuletwa ulimwengu wa kweli. Huku, mtu akitoka alfajiri kwenda kuwa hakimu, kuna aliyebaki kuosha vikombe. Ndiyo maana swali la Ken haliishii kwa wanaume na wanawake. Jinsia ni njia mojawapo ya kumweka mtu mahali ambapo hakuna anayeuliza analala wapi. Ziko njia nyingine, na mwanamke anaweza kuwa Barbie kwenye njia moja na Ken kwenye nyingine, siku hiyo hiyo.

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Wanawake wamesubiri karne nyingi. Kwa nini leo tumhurumie Ken, mwanasesere ambaye mateso yake hayafiki saa mbili? Filamu yenyewe inalijua pingamizi hilo. Mwishoni akina Barbie wanairudisha nchi yao, tena kwa hila, wakiwachonganisha akina Ken mpaka wapigane wao kwa wao siku ya kura. Kisha akina Ken wanaomba kiti kimoja cha Mahakama ya Juu. Rais anakataa, labda mahakama ya chini. Msimuliaji anasema siku moja akina Ken watakuwa na uwezo Barbieland kama ule walio nao wanawake katika ulimwengu wa kweli.

Kichekesho hicho kina makali pande zote mbili. Anayekasirika kwa niaba ya Ken amekwisha kukiri, bila kutaka, kwamba kiti kimoja cha chini ni dhuluma; basi amtazame na mwanamke. Na anayefurahi kwamba Ken amekomeshwa naye amekiri kwamba mpango ule ule unamridhisha, mradi yeye ndiye mwenye nyumba. Kwangu mimi, deni la zamani ni la kweli na lazima lilipwe. Lakini halilipwi kwa kumtafuta mtu mwingine wa kutomuuliza.

Najua pia nyumba nyingi za kwetu ni vyumba viwili na watu saba. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, pamoja na Pendekezo namba 201. Pendekezo hilo linasema mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri, kwa kuzingatia hali ya nchi, apewe chumba chake cha faragha, chenye hewa, chenye kufuli, na ufunguo akabidhiwe yeye. Si kila mtu ana chumba cha kutoa. Lakini kutoa ni jambo moja na kujua ni jingine. Asiye na chumba cha ziada anaweza kuzima televisheni saa tatu. Anaweza kuuliza, "Dada, unapata usingizi?" na akakaa kusubiri jibu. Kutojua hakusababishwi na umaskini. Mara nyingi husababishwa na raha, kwa sababu anayelala vizuri hana kinachomwamsha aulize.

Kwa hilo Barbie wa mwishoni amejifunza kitu. Ken analia kitandani, katika nyumba aliyoiteka na kushindwa. Barbie anakaa karibu naye na kumwomba radhi kwa kumchukulia poa. Anakiri kwamba si kila usiku ulipaswa kuwa usiku wa wasichana. Hampi busu analolitaka, kwa sababu hampendi hivyo, wala hambebeshi uongo wa huruma. Anamwambia akajitafute yeye ni nani bila Barbie. Ni maneno mazuri na ya kweli. Kisha Barbie anaondoka kwenda kuwa binadamu, nyumba za waridi zinarudi kwa wenyewe, na jua la Barbieland linazama. Ken amebaki na jina lake. Pa kulala bado hatujaonyeshwa.