Toa Upepo Kabla ya Mteremko

Ndugu zangu wa Tukuyu na Rungwe yote, fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni wakati wa agizo: ukuta unajengwa kabla mtu hajapanda. Sheria inamdai mwenye nyumba kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko mzima.

Dari zetu sisi ni miteremko. Ukitoka Isongole kwenda Kiwira unashuka. Ukitoka Tukuyu kwenda Kyela unashuka mita zipatazo 1,000. Pembeni mwa barabara hiyo wanapita mama zetu na mikungu ya ndizi kichwani, na watoto wanatoka shule. Wewe mwenye baiskeli ya gia yenye breki za mafuta, na wewe kijana wa bodaboda ambaye breki yako ya mbele ni ya namna hiyohiyo, ninyi ndio wajenzi ninaosema nao leo.

Breki haifi kwa siku moja. Mafuta hayakubali kushindiliwa, ndiyo maana nguvu ya vidole viwili inafika mpaka kwenye disiki. Upepo unakubali. Ukiingia kidogo tu, mkono wa breki unalainika, nawe kwenye tambarare unapuuza. Kisha unakuja mteremko, na disiki inawaka moto. Mafuta ya DOT hunywa unyevu, nasi tunaishi katika mvua karibu mwaka mzima. DOT 4 mpya huvumilia walau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 155. Maji yakigeuka mvuke, mkono wa breki unagusa usukani na baiskeli haisimami.

Basi fanyeni hivi. Someni kwanza breki yenu inataka mafuta gani. Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Hope na breki nyingi za SRAM hutumia DOT. Msichanganye kamwe, maana mafuta yasiyo yake huharibu mipira ya ndani. Vaeni glavu. Toeni gurudumu na pedi, pachikeni kipande cha plastiki kuzuia pistoni zisitoke. Chomekeni bomba la sindano lenye mpira unaoonyesha ndani kwenye nipo ya chini, ile skrubu ya kutolea upepo, na kikombe juu, kwenye mkono wa breki. Legezeni nipo, sukumeni mafuta mapya kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa upepo hupanda. Gongeni mpira wa breki polepole na mtazame kikombeni: yanatangulia mafuta meusi, yanafuata mapovu, moja moja, mwisho yanakuja mafuta safi. Msiache kabla ya hapo! Fungeni nipo. Futeni kila tone, safisheni disiki kwa spiriti, kwa maana pedi ikilowa mafuta haifai tena. Pedi iliyobaki nusu milimita, tupeni. Ondoeni kipande cha plastiki, rudisheni pedi na gurudumu, kisha baneni: mkono wa breki uwe mgumu, usifike kwenye usukani. Jaribuni tambarare kwanza. Asiyeweza ampelekee fundi, akae hapo amwangalie hadi mwisho.

Najua majibu yenu. Utasema, nimeshuka hivi miaka yote na sijaanguka. Mwenye dari isiyo na ukuta naye aliweza kusema hivyo, mpaka siku ya mgeni. Utasema, fedha hakuna. Chupa ya mafuta ya breki haigharimu kama mguu wa mtoto wa jirani. Utasema, Mungu atanilinda. Mungu huyohuyo ndiye aliyeagiza ukuta! Ulinzi wake amekwisha kuuweka mikononi mwako, pamoja na spana.

Kwa hiyo leo, kabla ya kupakia mzigo, bana breki zote mbili. Ukisikia ulaini, usipande. Kokota baiskeli yako kwa miguu hadi nyumbani au kwa fundi, hata wenzako wakikucheka, na usiirudishe barabarani mpaka upepo wote umetoka. Jirani yako anakudai jambo hilo, naye hajui hata kwamba anakudai. Mlipe. Amina.