Zuhudi ya Mtu na Haki ya Iyali Yake

Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilianza kuwauzia watu wa Marekani uanachama uitwao Prime, ambao mwenye kuutolea ada ya dola 79 kwa mwaka aliletewa bidhaa zake mlangoni katika muda wa siku mbili bila kutozwa gharama ya kuletewa. Na tangu ada hiyo ifike dola 139 mwaka 2022 wako wanaotaka kujitoa, wengine kwa uzito wa fedha, na wengine, ambao ndio wanaonishughulisha hapa, kwa sababu dhamiri zao haziridhii haraka inayonunuliwa kwa jasho la mja mwingine.

Hoja wanayo. Katika ghala la Amazon la Shakopee, jimbo la Minnesota, wafanyakazi ambao wengi wao ni Wasomali Waislamu waligoma tarehe 15 Julai 2019, siku ile ile wanachama walipofunguliwa bei za chini, wakidai wapunguziwe kasi ya kazi. Na kabla ya hapo walikwisha kulalamika kwamba asimamaye kuswali huchelea isije hesabu ya vifurushi vyake ikapungua.

Lakini, je, anachokiacha huyo mcha Mungu ni chake peke yake? Jina lililoandikwa ni moja, ilhali wanaokula kwa jina hilo ni nyumba nzima: mathalani mama mkongwe asiyeweza kushuka ngazi, ambaye sabuni yake, nepi zake na hata chakula cha paka wake (na paka naye ni mwenye haki) huja kwa njia hiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoieleza tawakali katika kitabu chake Ihyaa alimtenga mtu wa peke yake na mwenye iyali, kwani wa kwanza aweza kuikalifisha nafsi yake kustahimili njaa, bali wa pili hana ruhusa ya kuwatwika watoto wake subira wasiyoiridhia.

Wako watakaosema kwamba hata mfungashaji wa Shakopee ni katika iyali ya mnunuzi, na kwamba ajitoaye humkatia riziki. Hoja hii naiona nyepesi, na aghalabu huitoa mtu asiyetaka kusumbuka: dola 139 za mtu mmoja hazimwajiri wala hazimfukuzi yeyote, na mgomaji mwenyewe hakudai kazi iondoke, alidai iwe na kadiri. Ila kwa hesabu hiyo hiyo kujitoa kwa mmoja hakumpunguzii mfungashaji hata kifurushi kimoja, neno ambalo mwenye zuhudi hapendi kuambiwa.

Linalosalia, basi, ni utakaso wa nafsi, na gharama ya utakaso ni ya mwenye nafsi. Mwana ajitoaye kisha akawa kila Jumamosi anapanda ngazi na mzigo wa mamaye begani, zuhudi yake naielewa. Amwachiaye dada yake kuupandisha, siielewi. Na mama aulizwe kwanza. Akikataa, mwana ailipe ada ile katika masurufu ya mama, na paka ale.