Promota akiwa meneja, bondia ana nani?

Katika ngumi za kulipwa kuna watu wawili ambao kazi zao hazifanani hata kidogo. Promota ndiye mwenye pambano: anakodi ukumbi, anatafuta wadhamini, anauza tiketi na kuwalipa mabondia. Kila shilingi asiyompa bondia inabaki mfukoni mwake. Meneja ni mtu wa bondia: anakaa mezani na promota ili kijana wake aongezwe malipo, asipewe mpinzani wa kumuumiza, na akiumia atibiwe. Mmoja anavuta bei chini, mwingine anaivuta juu, na katika kuvutana huko ndipo haki inapopatikana.

Sasa inakuwaje pale watu hawa wawili wanapokuwa mtu mmoja?

Nauliza kwa sababu hapa Dar es Salaam jambo hili halimshitui mtu. Utamsikia kijana wa Keko au Manzese akisema "bosi wangu", na huyo bosi ndiye anayemtunza kambini, ndiye anayemsainisha mkataba, ndiye mwenye pambano, na ndiye anayemhesabia fedha usiku ule. Kijana akiona amepunjwa, atamlalamikia nani? Mtetezi wake ndiye huyo huyo aliyempunja.

Najua yupo msomaji atakayesema: Ustadhi, ngumi zenyewe zina mushkeli, yanini kuhangaika na malipo yake? Ni kweli. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makka mwaka 1987 lilitoa uamuzi wa kuzikataza ngumi hizi. Sina la kupinga. Lakini dhulma haigeuki halali kwa kuwa aliyedhulumiwa amesimama mahali pasipofaa. Isitoshe, suala hili haliishii ulingoni. Sisi wa Kariakoo tunaishi nalo kila siku.

Mtazame dalali wa fremu za maduka pale Mtaa wa Kongo. Mwenye nyumba anajua kuwa huyu ni dalali, mpangaji naye anajua, na ujira wake hausemwi kwa kificho. Huyo ni mtu wa kati, na kazi yake ni halali. Lakini mkulima wa Lushoto anapomkabidhi mtu gunia zake za viazi amuuzie, mtu huyo si wa kati tena. Ni wakala wake. Akijinunulia mwenyewe kwa bei aliyoipanga mwenyewe, kisha akauza kwa cha juu, ameigeuza amana kuwa mtaji.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba wakala wa kuuza hajiuzii mwenyewe wala hamuuzii mtoto wake mdogo. Muuzaji anatafuta bei ya juu na mnunuzi ya chini. Nafsi moja haiwezi kuyatafuta yote mawili kwa ukweli. Zingatia kuwa hukumu hii haikusubiri wakala athibitike kuwa mwizi. Imemgusa mwema na mbaya.

Nilipolieleza hili darasani, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne akaniuliza: "Na kama mtu huyo ni mcha Mungu?" Swali zuri, na ndilo kiini cha maneno yangu yote. Imam Bukhari ametaja kuwa Mughira bin Shu'ba (r.a.), sahaba wa Mtume, alimposa mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kuwa walii wake. Hakujiozesha. Alimwamuru mtu mwingine amuozeshe. Naye Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa aya ya mwanzoni mwa Suratun Nisaa iliwahusu walezi waliotaka kuwaoa mayatima waliokuwa mikononi mwao bila kuwapa mahari kamili ambayo mwingine angewapa. Mlezi anapanga mahari, na mlezi huyo huyo ndiye mlipaji! Tofauti yake na promota anayemsimamia bondia ni ipi?

Uchamungu, basi, haumtoshi mtu kusimama pande mbili. Anaweza asiibe hata senti, na bado amemnyima mnyonge mtu wa kumsemea.

Marekani walijifunza hili kwa machungu. Promota Don King aliandaa mapambano ya bondia Tim Witherspoon, na meneja wa Witherspoon alikuwa Carl King, mtoto wa kambo wa promota huyo. Mwaka 1986 Witherspoon alikwenda London akiwa bingwa na kumshinda Frank Bruno. Inaelezwa kuwa bingwa aliondoka na dola 90,000 hivi, na aliyepigwa akapata 900,000. Witherspoon alifungua kesi, ikaishia kwa maelewano ya malipo nje ya mahakama. Tazama mlango uliotumika: jina la meneja ni lingine, nyumba ni ile ile. Ndiyo maana Imam Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi, akamzuia wakala hata kumuuzia baba yake au mwanawe mtu mzima.

Mwaka 2000 nchi hiyo ikapitisha sheria iliyopewa jina la ndugu yetu Muhammad Ali. Ilimkataza promota kuwa na maslahi katika umeneja wa bondia, na meneja kuwa na maslahi katika upromota, kwa mapambano ya raundi 10 na kuendelea. Ikamtaka pia promota amweleze bondia fedha anazopata kutokana na pambano lake.

Watetezi husema: bila bosi huyu kijana angekuwa kijiweni, yeye ndiye anayemlisha. Sawa, na Allah amlipe. Lakini chakula hicho ni sadaka au ni deni? Kama ni deni, Qur'an imeamuru madeni yaandikwe, na mdaiwa akiwa dhaifu, walii wake ndiye aimlishe kwa uadilifu. Je, mdai anaweza kuwa walii wa mdaiwa wake?

Rai yangu ni nyepesi. Mwenye pambano asiwe meneja wa anayepigana, wala asimweke ndugu yake. Gharama za kambi ziandikwe kijana akiona. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mtu asiye na chake humo, awe mzazi, mwalimu au imamu wa mtaa. Wanaosimamia ngumi wasiruhusu pambano ambalo mkataba wake una mtu mmoja pande zote mbili. Na wewe unayeuza mali ya watu Kariakoo, ukiitamani mali uliyokabidhiwa, mrudishie mwenyewe amana yake kwanza, kisha kaa upande wa pili wa meza uinunue.

Wabillahi tawfiq.